Kifaranga Mkononi

Kuna jambo Mogire hajalielewa hadi leo: kwa nini siku ya fainali kule Kisii mjini mdomo wake ulitoa neno lile lile ambalo kwa miaka miwili ulikuwa ukilikataza. Benchi la mbele ya kinyozi, hapa Nyamira, halikujua habari hiyo. Kila asubuhi watu walikunywa chai ya Mama Gladys wakibishana kuhusu mpira mmoja tu: ule mweusi ambao Bonareri, msichana aliyefunzwa na Mogire snuka, mchezo wa mipira ya mezani, aliukosa ukiwa mdomoni mwa shimo. Bonareri alirudi kwao Nyacheki kuchuma chai, na fimbo yake ya kuchezea, walisema, ilisimikwa shambani ikapandisha maharagwe.

— Ni meza, alisema Ongeri, karani mstaafu wa mahakama aliyeitwa Jaji. Kisii nzima imekaa mteremko. Mpira utatulia wapi?

— Shida ni joto, alijibu Haron, muuza dawa za mifugo. Mpira umezoea baridi ya Nyamira. Ukishuka Kisii, unafura.

— Unafura aje?

— Kama ndama amekula majani mabichi.

— Na mwenzake alicheza na mipira gani? Si hiyo hiyo?

— Mwenzake ni mwenyeji. Anajua kukadiria huo unene.

— Tata, baba wee! alicheka Mama Gladys. Mtoto alitoka hapa na chai bila mkate. Mkono mtupu haulambwi.

Jaji akainua kidole.

— Sikizeni. Wiki ile radi ilipiga mti nyuma ya klabu walikochezea fainali. Umeme ukaingia kwa udongo, ukatambaa mpaka kwa miguu ya meza. Huo mpira ulisukumwa na kitu kutoka ndani ya shimo.

— Ushahidi?

— Ushahidi ni kwamba haukuingia.

Walicheka wote isipokuwa Mogire. Alikuwa akiyasikia maneno yake mwenyewe ya zamani: shika fimbo kama kifaranga, ukikaza anakufa, ukilegeza anatoroka. Kidevu kishuke mpaka kwenye fimbo. Ukishapiga, baki chini, hesabu mbili. Bonareri alielewa siku ya kwanza. Mkono uliozoea kuchuma majani mawili na kichipukizi bila kuyararua haukuhitaji kufunzwa wepesi.

— Kocha, umenyamaza, alisema Jaji. Mimi naona ni ukaidi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Mogire akashusha kikombe.

Linet, mgeni aliyeanza kazi juzi pale duka la dawa, alikuwa amesimama akingoja kikombe chake.

— Samahani, wazee wangu. Mtu wa mwisho kuongea na huyo msichana kabla hajapiga, alimwambia nini?

Haron alimgeukia Jaji ajibu, lakini Mogire akamtangulia.

— Kaza, alisema Mogire.

— Nini?

— Nilimwambia akaze mkono. Alipita karibu nami akipaka fimbo chaki. Nikaona mpira, nikaona kombe, nikaogopa. Nikamnong'oneza: kaza. Na alisikia, Jaji. Hajawahi kukosa kunisikia. Ndiyo maana akavunjika.

— Na yeye anafikiri... alianza Linet.

— Anafikiri ni mkono wake. Miezi minane sasa.

Hakuna aliyetaja radi tena. Jaji akasema, kwa sauti ya chini, kwamba msichana aambiwe, na aambiwe leo. Haron akatoa simu. Namba alikuwa nayo. Mama Gladys akairudisha mfukoni mwa Haron.

— Hayo hayapigwi simu. Mdomo uliokosa ndio uende.

Shauri likakatwa hivyo. Mama Gladys akakipokea kikombe cha Mogire kikiwa bado nusu.

Mchana huo, kule Nyacheki, Mogire alimkuta Bonareri katikati ya mistari ya majani chai, kapu mgongoni. Alisema yote hata salamu hazijaisha. Msichana alisikiliza, vidole vikiendelea kuchuma.

— Lakini wewe ndiye uliyenifunza nisikaze, alisema mwishoni. Kwa nini ulisema, mwalimu?

— Sijui.

Bonareri akaongeza majani kwenye kapu. Mogire akashuka hadi kwenye maharagwe. Alikata ufito uani, akausimika kando ya fimbo, akaanza kuufungua mmea wa maharagwe kutoka kwenye fimbo pole pole, jani kwa jani.

— Usiyararue, alisema Bonareri kutoka juu. Yana maua.

Mogire akalegeza vidole. Alipomaliza, aliing'oa fimbo, akaifuta udongo kwa shati lake, akaiegemeza mlangoni kwa mama yake Bonareri, akaondoka.