Spika Mahali pa Tairi la Akiba

Alipopakia begi lake nyuma ya teksi pale Arua, Shamim aliona kwamba mahali pa tairi la akiba palikuwa pamekaliwa na spika kubwa. Sasa, njiani kwenda Koboko, gauni la harusi la mdogo wake likiwa mapajani, alimlalamikia jirani asiyemjua, mwalimu mstaafu wa historia. Mbele yao, dereva Ezati alishika usukani na kujifanya kiziwi.

"Mzee, bibi arusi iko nangoja hii gauni saa sita. Tairi ikipasuka, je?"

"Mwanangu, kwa vita ya Hitla, Waingereza walitoa topido ingine, zile bomu za kupiga meli, kwa manowari za distroya, waliweka mizinga ya kupiga ndege. Adui ilikuwa natoka juu. Adui ya huyu dereva ni usingizi."

Ezati, ambaye hakuwa amezoea kusifiwa, akaongeza sauti ya muziki.

"Na adui ya chini?" aliuliza Shamim.

"Hiyo manowari ya chini ya maji walitupia bomu huko ndani."

Karibu na Maracha kishindo kilisikika. Teksi iliyumba, ikasimama pembeni. Muziki uliendelea bila aibu.

"Mzee," alisema Shamim, akilikumbatia gauni, "adui ya chini imefika. Tupa bomu."