Mwalimu Timiro na Mapafu Yaliyokataliwa Nairobi

Bismillahi Rahmani Rahim. Mimi ni Deeq Keinan, kaka mkubwa wa marehemu, mwenye bucha pale soko la Suuq Mugdi, hapa Garissa. Kwetu maiti hangoji programu. Timiro alifariki asubuhi, na alasiri tulikuwa tumeshamzika. Haya yameandikwa kwa ajili ya dua ya leo hapa shuleni kwake, kwa kuwa Mwalimu Mkuu aliomba wasifu wa heshima. Heshima nitaiweka. Hasira pia ninayo, na sitaificha kwa sababu tu wageni wa ofisi ya elimu wamepewa viti vya mbele.

Mwalimu Timiro Keinan alizaliwa Diff, kusini mwa Wajir. Kitambulisho chake kinasema tarehe mosi Januari 1969, siku ambayo serikali iliamua watu wetu wote wazaliwe. Mama yetu, Khadijo, anasema alizaliwa mvua za Gu, masika yetu, zimeanza na ngamia wana maziwa tele. Anayetaka kubishana na mzazi, mama huyo hapo, amfuate.

Alianza shule ya msingi Diff, akaimalizia Garissa kwa shangazi yetu. Mwaka 1988 aliitwa Kidato cha Tano katika shule moja ya bara. Mwalimu mmoja alimshauri achukue Historia, eti msichana wa jangwani ataiweza wapi Biolojia ya kiwango cha juu. Akaichukua hiyo hiyo Biolojia. Siku ya kupasua panya alishika kisu, akasema "Bismillahi" kwa sauti, darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akamuuliza, "Kwani unataka kumla?" Akajibu, "Hapana, mwalimu. Mkono wangu haujui kukata bila hiyo." Alifanya mtihani wa Kidato cha Sita mwaka 1989, pamoja na wale wa mwisho kabisa kabla mfumo haujafutwa, na katika Biolojia aliwapita wote waliocheka.

Baada ya chuo kikuu aliletwa hapa Januari 1995 kufundisha Biolojia Kidato cha Tatu na cha Nne. Maabara aliyoikuta ilikuwa chumba chenye meza na kufuli, basi. Hakukaa kulia. Alikuja buchani kwangu alfajiri, akaniambia, "Aboowe, kaka yangu, nipe mapafu ya mbuzi, na bomba lake la hewa usilitupe." Nikampa. Akachomeka pampu ya baiskeli kwenye lile bomba, akapuliza, mapafu yakajaa hewa, na wasichana wakapiga kelele hadi mlinzi akaja mbio. Tangu siku hiyo moyo, figo na utumbo vilipitia darasani kwanza kabla ya kufika jikoni. Wasichana wake hawakukariri mwili wa mnyama. Waliushika.

Ijumaa tarehe 11 Agosti 1995 aliolewa na Mahat Awil, mfanyabiashara wa ngamia kutoka Bura. Wanaume wengine hupeleka manukato. Mahat alipoambiwa mchumba wake anapenda nini, alikuja na moyo wa ngamia ndani ya gunia. Timiro alifurahi, akaupeleka shule kesho yake, na wakapata binti mmoja, Ramlo.

Sasa nifike pale panaponichoma. Katika mtihani wa mwisho wa mwaka 1996, watahiniwa waliambiwa wachore mapafu ya mnyama pamoja na njia ya hewa. Wasichana wetu wote walichora bomba linaloanzia kwenye mkato wa mshazari, bila kile kifundo cha koo kilichoko kwenye kitabu. Kila Mwislamu hapa anajua kwa nini. Mbuzi akichinjwa kwetu, kisu hupita chini ya kifundo, na kifundo hubaki na kichwa. Mapafu yote waliyowahi kuyaona maishani yalitoka mkononi mwangu, na mimi huchinja kama baba yangu alivyochinja. Walichora walichokiona. Huko kwa wasahihishaji wakaona michoro inafanana, tena inafanana kwa kukosea, wakasema wasichana wa Garissa wamenakiliana. Machi 1997 matokeo yakaja, na kwenye Biolojia hakuna gredi hata ya mmoja.

Wakose maksi ya kile kifundo, sawa, hilo tungelimeza. Lakini waitwe wezi?

Timiro aliweka mapafu kwenye boksi la barafu akapanda basi la Nairobi, nami nikamsindikiza. Kwenye kizuizi cha polisi darajani tuliteremshwa, maana sisi watu wa huku hata tukienda kuzika lazima tuonyeshe kipande cha kitambulisho. Askari akafungua boksi. "Hii ni nini?"

"Mapafu ya mbuzi, afande. Ni ushahidi."

Askari alicheka, lakini alitupisha. Kwenye ofisi ya mitihani Nairobi hatukupishwa. Mlinzi alisema nyama haiingii, kwa hiyo mapafu yalibaki nje na mimi, na Timiro akaingia peke yake. Afisa aliyemsikiliza alimwambia mbuzi ana koo. "Analo," akasema Timiro, "lakini linabaki na kichwa." Afisa akamjibu, "Basi wangechora la kitabuni." Mtu amesoma akafika hapo, kisha anamwadhibu mtoto kwa kutazama! Aliambiwa asubiri barua. Akasubiri, akarudi tena Agosti, akaambiwa wasichana warudie mwaka. Wazazi gani hao wenye mbuzi wa kuuza mara mbili? Wawili wameshaozwa. Samsam, aliyekuwa wa kwanza darasani, alikubaliwa kusomea uuguzi, chuo kikataka gredi ya Biolojia, na nafasi ikapewa mwingine.

Mvua kubwa za mwishoni mwa 1997 zilikata barabara, na maji yaliposhuka mbu walijaa. Timiro aliugua malaria mwanzoni mwa Februari, huku amefunga begi la safari ya tatu. Mama alimshika kipaji cha uso akasema, "Hooyo, mtoto yangu, hii safari wacha. Mwili yako iko moto. Hio Nairobi itakimbia wabi?" Homa ikapanda kichwani, na kauli zake za mwisho zilikuwa shahada na jina la Ramlo. Alifariki Jumanne tarehe 17 Februari 1998, akiwa na umri wa miaka ishirini na tisa. Nimemlilia, na bado namlilia.

Ameacha mama yake Khadijo, mumewe Mahat, bintiye Ramlo wa mwaka mmoja, mimi kaka yake, na wasichana ishirini na tisa wasio na matokeo. Wamekaa kule nyuma. Naomba wasimame ili waonekane.

Wageni wetu, desturi yetu ni hii: kabla jeneza halijaondoka, familia huuliza nani anamdai marehemu, ili asiende na deni. Tuliuliza, na hakuna aliyejitokeza. Hadaiwi na mtu. Yeye ndiye anayedai, na waliobeba deni lake wako kwenye viti vya mbele. Mtasimama baada yangu kutoa pole. Pole tumezipokea tangu Jumanne, zinatosha. Geukeni muwatazame hawa wasichana, mtuambie siku watakayopewa gredi zao.

Mola amrehemu Timiro, alifanye kaburi lake liwe pana na lenye nuru. Amin. Karibuni mseme.