Mwaka Niliomchukia Okelo

Jina la Bwana lipewe sifa, ndugu zangu wa Karungu, na ninyi mliokuja kwa miguu kutoka ng'ambo ya ghuba! Mimi ni Naftali, mnanijua. Wengine wenu nimewadunga sindano, na bado hamjanisamehe. Leo sikusimama kuhubiri, maana kuhubiri sijui. Nimesimama kueleza jinsi nilivyofukuzwa kazi kwa jambo nililolifanya nyumbani kwetu, siku ambayo sikuwa kazini, na jinsi jambo hilo lilivyokaribia kuiua roho yangu, na jinsi Yesu alivyonitoa. Mama yangu tulimzika mwezi uliopita. Akiwa hai nisingeweza kuyasema haya. Mkisikiliza mtaelewa.

Wakati ule Uhuru ulikuwa bado mpya na ziwa lilikuwa limepanda. Mnakumbuka? Maji yalimeza mashamba ya chini, miti ikabaki imesimama majini na ndege juu yake, na asubuhi hukuweza kujua ziwa linaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Mimi nilifanya kazi katika hospitali ya misheni, huko juu, mwendo wa saa tatu kwa baiskeli. Nilikuwa dresa. Niliosha vidonda, nilifunga bandeji, nilivaa kaptula nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ikawa ngumu. Ndugu zangu, niliipenda kazi ile! Hata harufu ya dawa ya kusafishia sakafu niliipenda. Wagonjwa waliniita daktari, na mimi sikuwasahihisha.

Tulikuwa madresa wawili, mimi na Okelo. Tulilala chumba kimoja na kula sahani moja. Okelo alijua Kiingereza kuliko mimi, kwa hiyo Sista, yule mzungu aliyetusimamia, alimtumia kama mkalimani wake kila alipozungumza na wazee wetu. Na kabla ya kuajiriwa sote tulitia sahihi karatasi. Hakuna pombe, hakuna ngoma, hakuna mke wa pili, hakuna mila za matanga. Si hospitalini tu. Popote, hata kwa mama yako.

Kisha baba yangu akafa.

Nilipewa ruhusa ya wiki moja. Mimi ndiye kifungua mimba, na kwetu mzee akizikwa, wanawe huongoza ng'ombe mbio hadi mpaka wa ukoo, ili kifo kifukuzwe kitoke bomani. Tunaita tero buru. Nilijua karatasi inasema nini. Lakini wajomba walikuwa wameshika mikuki, na fahali wa baba alikuwa amevikwa majani, na wote walikuwa wakinitazama.

Siku ile naikumbuka kama kitu nilichokiota. Wadudu wadogo wa ziwa walikuwa wameinuka kwa maelfu juu ya maji, wingu zima, likisogea polepole kama moshi usio na moto. Nilipakwa udongo usoni. Nilishika mkuki wa baba. Tukakimbia! Vumbi, kengele, vilio, fahali mbele yangu akipumua kama mtu. Miguu sikuihisi. Nilikuwa kama naelea, na kila nilipopiga kelele niliona kama baba yuko mbele kidogo tu, amenipa mgongo, anacheka. Sikuomba mizimu. Pombe sikuonja. Nilimlilia baba yangu kwa miguu, basi.

Karibu na njia nilimwona Okelo. Alikuwa amekuja kunipa pole, amesimama na baiskeli yake, kaptula nyeupe, safi kabisa. Aliinua mkono. Nilimpita mbio.

Nilirudi kazini Jumatatu. Jumatano Sista akaniita ofisini. Akaniuliza kama ni kweli nilikimbiza ng'ombe nikiwa na mkuki na udongo usoni. Nikasema ni kweli. Hakuniuliza kama nimewahi kuacha kidonda kichafu. Hakuniuliza kama nimewahi kuchelewa hata siku moja. Macho yake yalikuwa mekundu, nadhani alikuwa amelia, lakini karatasi ilikuwa mezani na sahihi ilikuwa yangu. Okelo alikuwa mlangoni, anaangalia chini. Wiki iliyofuata nikasikia amepewa nafasi yangu katika wodi ya wanaume.

Nani mwingine angenisema? Ni yeye tu wa hospitali aliyeniona! Ndugu zangu, sikuhitaji shahidi wa pili. Mama nilimwambia kazi imepungua hospitalini, wametupunguza. Ningemwambiaje kwamba nimefukuzwa kwa kumzika mume wake?

Basi nikakaa hapa ufukweni mwaka mzima. Nilimsaidia mama kuanika omena, dagaa wa ziwa letu, lakini mikono yangu ilikuwa mahali pengine. Mchana nilikaa juu ya jiwe na kuangalia maji mpaka nikapotea. Nilisikia kengele ya hospitali, na hospitali iko mbali, haiwezi kusikika. Nikisinzia kwenye jua nilimwona fahali wa baba akitembea juu ya ziwa, amembeba Okelo, na mimi naita jina la mnyama yule asimame, asimame, wala hageuki. Nikiamka namtakia Okelo ugonjwa. Nilimchagulia hata ugonjwa wenyewe! Dresa anayajua mengi.

Alikuja mara tatu kwa baiskeli. Mara ya kwanza nilijifanya nimelala. Mara ya pili niliingia ziwani kuoga nikakaa huko mpaka akaondoka, vidole vikakunjamana. Mara ya tatu aliacha sukari kwa mama, nami sikunywa chai siku zote sukari ile ilipokuwa nyumbani. Na Sabato nilikuja hapa hapa kanisani, nikaimba kwa sauti kubwa kuliko ninyi. Mungu nisamehe!

Kisha jirani yetu, mama mmoja aliyetoka Kano, akajikata mguu kwa jembe. Kidonda kikaanza kunuka. Mimi nilijua anahitaji sindano, na nilijua mkono wa kumdunga ni wa Okelo. Nikamwambia, "Ngoja kwanza, nitakufunga mwenyewe." Nilimfunga siku nne kwa kitambaa na maji ya chumvi, na kila siku nilinusa, na kila siku nilijua. Siku ya tano ndugu zake walimbeba kwenye kitanda mpaka misheni bila kuniuliza. Aliporudi alikuwa anatembea. Akanisalimia kwa furaha, akasema Okelo anauliza habari zangu. Nikaingia nyumbani nikafunga mlango. Nilikuwa tayari mguu wa mtu uoze, ili mimi nisimpeleke kwa rafiki yangu! Hapo nililia na kumwambia Yesu, "Nitoe hili, mimi mwenyewe siwezi."

Na Yesu alijibu, lakini si kwa njia niliyoitaka.

Jioni ile mama alikuwa anachambua omena, anataka kunichangamsha. Akasema, "Wuoda, mwanangu, usihuzunike sana. Yule Sista anakupenda. Mimi mwenyewe nilienda kumshukuru kwa ile ruhusa aliyokupa."

Nikamuuliza alienda lini.

"Jumanne, kesho yake baada ya wewe kurudi kazini. Ulikuwa wodini, sikutaka kukusumbua. Nilimpelekea kuku. Nikamwambia mwanangu amemzika baba yake kama mwanamume, amekipeleka kifo mpaka mpakani! Lakini huyo Okelo wako, Kiingereza chake kibaya. Alisema maneno mawili tu, mzungu akatikisa kichwa. Ikabidi nisimame nionyeshe mwenyewe."

Akasimama, mama yangu mzee, akaonyesha. Akachukua kijiti cha kugeuzia samaki akakishika kama mkuki. Akapiga vigelegele. Alikimbia kidogo kuzunguka mkeka, anacheka, na uso wake ulijaa fahari juu yangu. Mimi nilikaa. Nilihisi dunia imenyamaza, kama wakati ule wa asubuhi ambapo ziwa na mbingu ni kitu kimoja.

Nilisema, "Asante, mama."

Kesho yake nilipanda baiskeli. Nilimkuta Okelo nyuma ya wodi anaanika bandeji. Nikamwambia najua. Aliendelea kuanika. Kisha akasema, "Omera, ndugu yangu, nilijaribu. Nilimwambia Sista kwamba ulichunga ng'ombe vizuri. Lakini mama yako aliposimama akaanza kukimbia na kupiga kelele, ningesema nini? Sista akaniuliza maana yake. Sikuweza kudanganya mara ya pili."

Nikasema, "Mwaka mzima! Mbona hukuniambia? Nimekuombea kifo!"

Okelo akanitazama, akajibu, "Rafiki ungepata mwingine. Mama ungempata wapi?"

Ndugu zangu, nilianguka chini pale pale kati ya bandeji mbichi. Kuna mtu alibeba chuki yangu ambayo hakuistahili, akaja mara tatu, akaleta na sukari! Nimesikia habari za msalaba tangu nikiwa mdogo. Siku ile ndiyo nilizielewa. Chuki ilinitoka, Bwana asifiwe, na tangu hapo sijamwona tena yule fahali juu ya maji.

Kazi ya misheni sikurudishiwa. Baadaye nilipata kazi katika zahanati ya serikali, na leo nina watu chini yangu. Mwaka jana mtu mmoja alinijia kunong'ona kwamba mfagiaji wetu alionekana Jumamosi akicheza kwenye matanga. Nikamuuliza, sakafu ya Jumatatu ilikuwa chafu? Akasema hapana. Nikamwambia arudi kazini kwake. Mtu akija kazini amelewa, huyo nitamtoa, maana mgonjwa ataumia. Lakini nyumbani kwake yuko na Mungu wake na wafu wake. Najua wazee wengine hapa mbele wamekunja uso. Mnataka nitubu kukimbiza ng'ombe wa baba. Nimeomba sana juu ya jambo hilo, na kila nikiomba naonyeshwa mguu wa jirani yangu. Hilo nimetubu.

Mama alikufa akiamini Sista alifurahi. Mimi na Okelo tulimlindia furaha hiyo mpaka mwisho.

Basi wewe uliye na mtu wako wa kumchukia, ambaye una hakika naye kabisa, kama mimi nilivyokuwa na hakika: mlete kwa Yesu leo, kabla hujajua ukweli. Mimi nilingoja nijue, na kidogo mtu apoteze mguu. Okelo yuko hapa, ameketi karibu na mlango. Alinisihi nisimtaje. Samahani, omera. Simama wakuone.