Saa ya Salamu ya Mama Rozina Ajwang Shimba (1949–1998)

Ndugu waombolezaji, mama tunayemlaza leo hapa Buswelu alizaliwa tarehe 12 Mei 1949 karibu na Shirati, upande wa Mara. Alikuwa mtoto wa pili wa Mzee Ogada Otuoma na Mama Selina. Alibatizwa mwaka huohuo na kupewa jina la Rozina, na tangu alipoweza kushika rozari hakuiweka chini.

Alianza shule ya misheni pale kijijini mwaka 1958, akamaliza darasa la nane mwaka 1965. Madarasa mawili yalikuwa yakikaa chumba kimoja, na Rozina alikuwa kiranja. Siku moja mwalimu alipotoka, dada yake mkubwa Teodora alianza kuiga jinsi mwalimu anavyopiga chafya. Darasa likacheka, na Rozina naye akacheka mpaka machozi. Kisha akajifuta, akamwambia, "Dada, toka nje." Teodora alisimama juani mpaka kengele. Jioni Rozina alimbebea ndoo yake ya maji kutoka ziwani, bila kusema pole wala samahani. Ndivyo alivyokuwa.

Mwaka 1971 alikuja Mwanza, akaajiriwa na chama cha ushirika wa pamba kuwa mpokea simu. Huko ndiko alikokutana na Bwana Nestory Shimba wa Magu, aliyekuwa dereva. Yeye husema alimpenda sauti kabla hajamwona uso. Walifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1973, Mungu akawajalia Ogada, Odeta na Selina. Ogada alipewa jina la babu yake mzaa mama.

Wanunuzi binafsi walipoingia kwenye pamba, ushirika ukayumba, na mwaka 1992 Rozina alipunguzwa kazi. Mwaka uliofuata kampuni moja ya kununua sangara ilimchukua aendeshe redio ya upepo, ile ya kuongea na kambi zake visiwani. Mchana kutwa ilikuwa barafu, boti na samaki. Lakini kule visiwani simu hazikuwepo, na watu wakaanza kumwomba: Mama, nisalimie mke wangu. Mama, ulizia mtoto kama amepona. Akamwomba meneja, na meneja akakubali. Kila siku saa kumi na moja jioni redio ikawa ya watu. Wakaiita Saa ya Salamu.

Likawa kundi kubwa la watu ambao wengi hawakuwahi kuonana, ila walijuana kwa sauti. Wilhelmina wa Irugwa aliposhikwa na uchungu na mtoto akiwa amekaa vibaya, ni saa hiyo iliyomletea boti. Yuko hapa leo, na mtoto wake.

Lakini penye watu hapakosi maneno. Mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi wa vyama vingi, kila kambi ilitaka kuhutubia. Meneja alimwita akamwambia, "Mama Rozina, kibali changu ni cha samaki. Saa hii nimewapa kwa hisani. Nikisikia siasa au tusi tena, nafunga, na sitafungua."

Basi akaweka utaratibu. Taja jina, taja kambi, sema shida yako, maliza kwa "ova", mpishe mwenzako. Anayekiuka ananyamazishwa juma zima. Mtu wa Kome alipoanza kukisifu chama chake, alimkata: "Kome, kura ni siri, na wewe unaitangaza mpaka Musoma. Anayefuata, ova."

Kilichomuuma ni utani. Sisi watu wa huku, shemeji na shemeji hawasalimiani bila kutukanana kwanza. Ndiyo heshima yenyewe. Meneja alikuwa mgeni wa kanda hii, akaogopa. Alimwambia, "Serikali ikisikia mtu anasema 'nitakuzika', haitauliza kama ni shemeji yake." Rozina aliona meneja ana haki. Akapiga marufuku utani hewani, akawaambia wauache ufukweni. Wakalalamika sana. Mmoja alimuuliza, "Dada Rozina, sasa hizi ni salamu au hukumu?" Akamjibu, "Ni hukumu, shemeji. Na umeshamaliza muda wako, ova."

Kijana wake Ogada aliajiriwa kambi ya Irugwa mwaka 1996. Hata yeye mama yake alimwita Irugwa, kama wengine. Jioni moja ya mwezi Agosti 1997, meneja alikaa ofisini na mgeni kutoka Dar es Salaam, wakisikiliza. Ogada alimsikia hewani Masalu, mume wa dada yake Odeta, aliyekuwa kambi ya Kome, furaha ikamzidi.

"Masalu, mwizi wa dada yangu," alisema. "Ukifa nakuzika mwenyewe, na hizo nyavu zako mbovu nakufunika nazo, ova."

Kambi zote zikacheka. Mgeni akamtazama meneja, na meneja akanyoosha mkono kwenye swichi. Rozina akawahi.

"Irugwa, umevunja utaratibu. Hutasikika juma hili, ova."

"Mama, ni mimi."

"Najua ni wewe. Irugwa, nyamaza."

Akanyamaza. Meneja akarudisha mkono. Saa ya Salamu ikapona.

Kabla juma hilo halijaisha, boti ya barafu ilipinduliwa na upepo karibu na Irugwa. Habari ilikuja saa kumi na moja, mahali pake pa siku zote, na aliyeileta alifuata utaratibu.

"Ngosha, Irugwa. Shikamoo Mama. Ogada amezama. Mwili tumeupata, tunamleta, ova."

Wote waliokuwa hewani walimsikia Rozina akivuta pumzi. Kisha akasema, "Nimepokea, Irugwa. Ahsante, mwanangu. Anayefuata, ova." Kulikuwa na mtu wa Kome anayeulizia mkewe aliyelazwa. Akamjibu mpaka mwisho, ndipo akavua visikizio vya masikioni.

Watu walidhani ataacha kazi. Mumewe alimwomba aache. Akamwambia, "Baba Ogada, nilimnyamazisha mwanangu ili saa hii isifungwe. Nikiifunga mimi, nitakuwa nimemnyamazishia nini?" Akarudi kwenye redio, lakini kanisani, alikokuwa akiimba kwaya, hakuimba tena; alisimama na wenzake, kitabu mkononi, mdomo umefungwa.

Mwezi Februari mwaka huu moyo ulianza kumsumbua, miguu ikavimba. Alilazwa hospitali ya mkoa mara mbili. Tarehe 14 Juni 1998, Jumapili asubuhi, alimwomba Odeta amsomee Zaburi, na katikati ya kusoma akaaga.

Jioni ile meneja alimkalisha Odeta kwenye kiti cha mama yake. Akasema, "Odeta, Mwanza. Mama amefariki asubuhi. Tunazika Jumatano Buswelu, ova." Kambi zikajibu moja moja: jina, mahali, nimesikia, ova. Hakuna aliyezidisha neno. Mwisho ikaja Kome.

"Masalu, Kome. Nimesikia." Akasita. "Ogada, mwizi wewe, uliyesema utanizika mimi. Mama anakuja huko. Mpishe kiti, na usimbishie, ova."

Kila mtu alingoja Masalu anyamazishwe. Meneja alikuwa amesimama pale pale, mikono nyuma. Odeta alitazama ile redio, na hakukuwa na wa kumnyamazisha Masalu.

Marehemu ameacha mume, Bwana Nestory Shimba, mabinti Odeta na Selina, mkwe wake Masalu, wajukuu watatu, dada yake Teodora Agutu, na watu wa visiwani, ambao wengi wao leo ndiyo mara ya kwanza wanamwona uso. Atalala ubavuni mwa mwanawe.

Rozina, tumekupokea mpaka neno la mwisho. Bwana akupe pumziko, na amani yake ikae nawe.