Jicho la Mzee Breki na Kromosomu ya Nyongeza

Benchi la kijiwe hicho ni kiti cha nyuma cha basi lililokwisha kufa, kimewekwa nje ya kibanda cha kinyozi, sponji inachungulia, na kuna chuma kimoja kinachouma makalio ya mgeni asiyejua pa kukaa. Basi lenyewe alikuwa akiliendesha Mzee Breki, na kiti ndicho alichobaki nacho macho yalipomwacha njiani. Wakaaji wa kila siku ni yeye, Kinyozi anayeacha wateja ndani na povu mashavuni, Dalali anayeuza kila kitu isipokuwa chake, na Digrii, aliyesomea baiolojia mpaka wakamvisha joho, kisha dunia ikamvua. Maabara zinataka uzoefu. Uzoefu unataka kazi. Kazi inataka mjomba. Kijiweni wanamkumbuka kwa shughuli moja tu: rimoti ya runinga ya Kinyozi ikigoma.

Asubuhi hiyo Mzee Breki alifika amenuna. Hospitali kuu ilikuwa imemwandalia kiraka cha jicho, cha majaribio, kilichooteshwa kwa seli shina, zile seli changa ambazo ukizielekeza vizuri zinaweza kuwa chochote mwilini. Sasa wamemrudisha nyumbani. Seli zimekutwa na kromosomu ya ziada, zinatupwa, wanaanza upya.

— Zimezidi, alisema, kama mtu aliyetukaniwa mama. — Si kwamba zimepungua. Zimezidi. Nani anatupa kilichozidi?

Akanyanyua birika ajimiminie. Kahawa ikashuka pembeni ya kikombe, na Kinyozi, bila kukatisha maneno yake, akakisogeza kikombe kwenye mchirizi. Kijiweni jambo hilo halizungumzwi.

Dalali alikuwa ameshaona soko. Alijua kliniki moja, ghorofani juu ya duka la magodoro, wanakuchoma seli jichoni siku hiyohiyo, hawana mambo ya kupimapima. Saa nane mchana nafasi ipo.

— Chelewa chelewa, mzee, utakuta mwana si wako.

— Nitakuta jicho si langu, alijibu Mzee Breki, akaanza kupapasa fimbo yake.

Digrii akatua kikombe chake. Mzee huyu ndiye aliyekuwa akimbeba bure kwenda shule mvua ikinyesha, konda akisonya. Akakaa sawa, akaanza somo ambalo hakuna aliyewahi kumlipa alifundishe. Kila seli ya binadamu ina kromosomu arobaini na sita, ndiyo maagizo ya mwili. Seli zikizaana mno kwenye kisahani cha maabara, hutokea mojawapo ikakosea, ikabeba kilichozidi.

Kinyozi akasema penye wengi pana Mungu. Kama arobaini na sita zinakuonyesha mlango, ya arobaini na saba itakuonyesha aliyejificha nyuma yake. Dalali akapandisha dau: zikizidi mbili mzee ataona gizani; zikizidi tatu ataona kesho, na wenye bahati nasibu wafunge biashara. Haba na haba, akaongeza, hujaza kibaba. Kinyozi akauliza kama zipo za kuotesha nywele, halafu akajijibu mwenyewe kwamba hapana, atakosa vipara wa kuwatania.

— Kasi inayo, sikatai, alisema Digrii. — Hiyo iliyokosea inazaana kuliko wenzake. Wenzake wakifa, yenyewe haifi. Baada ya muda kisahani chote ni chake.

— Sasa mbona unaipigia debe? aliuliza Dalali.

— Debe? Brother, ukiiambia iwe jicho inaweza kugoma. Wenzake wanatulia kuwa jicho, yenyewe inazaana tu, humohumo ndani ya jicho la mtu. Hapo ni uvimbe. Simple as that.

Kinyozi akakuna kidevu.

— Haitaki kuwa kitu, inajaza nafasi, na haiondoki. Mbona huyo tunamjua? Si yuko hapa na joho lake?

Benchi zima likacheka mpaka chuma kikalia. Hata Mzee Breki alicheka.

— Mimi nimekatazwa kuwa kitu, alisema Digrii. — Yenyewe imekataa. Msituchanganye.

Lakini somo lilikuwa limeshazama kwenye kicheko. Mzee Breki alikuwa amesimama, fimbo mkononi, Dalali amemshika kiwiko kama bibi harusi.

— Mwanangu, umesoma, nakuheshimu. Ila mjukuu wangu namjua kwa mlio wa viatu. Nataka nimwone uso ungali wa kitoto.

Somo la hilo Digrii hakupewa chuoni.

Ndipo pazia la kibanda likafunuka, akatoka mteja ambaye hakuna aliyewahi kumwona hapo, shingoni shuka, ndevu upande mmoja tu.

— Samahanini, wazee. Mimi nimekuja kunyolewa. Hao wa kliniki wakishaweka hizo seli, zikagoma kuacha kuzaana, wanazitoaje?

Kinyozi akamtazama Digrii. Digrii akamtazama Dalali. Dalali akaitazama simu yake, na kwa kuwa macho yote yalikuwa kwake, akapiga, akaweka spika. Sauti ya dada mchangamfu ikapokea, ikasikiliza swali, ikacheka kidogo.

— Kuzitoa? Mpendwa mteja, tangu tuanze, hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamika.

Dalali akakata simu polepole, kama anayefunga mlango wa chumba chenye maiti.

Mzee Breki akarudi kukaa. Alikalia chuma chenyewe, wala hakujali.

— Digrii. Hospitali wamesema watanipigia mambo yakiwa tayari. Jina kwenye simu silioni. Uwe karibu, ikilia unisomee.

— Nitakuwepo, mzee wangu. Kwani nina pa kwenda?

Ilikuwa kazi yake ya pili kijiweni, baada ya rimoti, na aliipokea kwa mikono miwili.

Mzee Breki akanyanyua birika, akaliinamisha. Digrii akawahi kukisogeza kikombe chini ya mdomo wa birika. Hakikutoka kitu.

— Kimejaa? aliuliza mzee.

— Kahawa imekwisha, mzee wangu.

— Afadhali hiyo, alisema Mzee Breki, akalitua birika chini. — Inajua kuisha.