Vyuma Kumi, Mashini Tatu

Kwenye benchi la Sudi, mtaa uitwao Kenya, mjini Lubumbashi, mwaka ule wa 1974, kahawa ilichemka na maneno yakachemka zaidi. Alikuwapo Mwape, tuliyemwita Komisera kwa sababu kila jambo alilitolea amri. Alikuwapo Tableau, mwalimu mstaafu kutoka Kasai, chaki mfukoni. Katikati yao Kapya alishika kichwa. Karakana ilikuwa imemtoa kwenye kusukuma vigari, ikampa kalamu: vyuma kumi vipite mashini tatu, ya kukereza, ya kutoboa na ya kusugua, kwa mpango ulio bora kuliko yote, kipi kitangulie na kipi kifuate ili kazi iishe mapema. Chef, mkubwa wa karakana, anautaka saa nane mchana. Ukikosekana, Kapya arudi kwenye vigari.

— Kazi ya batoto! alisema Komisera. Anza na kidogo.

— Nilijaribu, yaya, mukubwa wangu. Mashini ya pili inajaa, ya tatu inalala.

— Basi anza na kikubwa!

— Ya tatu inalala asubuhi muzima.

— Jaribu mipango yote, chagula. Kidole kimoya haivunjake chawa!

— Chawa iko wapi hapa? Sudi aliuliza, akimimina kahawa.

Tableau alikuwa chini, anaandika kwenye saruji.

— Vyuma tatu, mipango sita. Ine, makumi mbili na ine. Tano, mia moya na makumi mbili. Kumi...

Chaki ikakatika.

— Million tatu na zaidi! Ukipima moya kila dakika, bila kulala, bila kula bukari, unamaliza kisha miaka saba kupita.

— Chef anataka saa nane! Kapya alilia.

— Saa nane ya mwaka gani? akauliza Sudi.

Komisera akapanda juu ya benchi.

— Tufanye salongo, kazi ya bote! Jumamosi, badala ya kufagia barabara, muji muzima bapime. Kila muntu mipango yake!

— Na chef akiongeza chuma ya kumi na moya? Sudi aliuliza.

— Mara kumi na moya, Tableau alisema.

— Tutaita Bazambia, bapitie mupaka wa Mokambo. Bantu ba douane bafungue njia!

Tulicheka hadi kahawa ikamwagika. Ndipo Alima, muuza mikate, aliposimama na beseni kichwani.

— Baba Kapya, mu hii vyuma kumi, bantu beko banangoya gani ya kwanza?

Tableau akarudisha chaki mfukoni. Komisera akashuka benchini polepole.

Kapya alikuwa amekwisha kuvuka barabara, viatu mkononi, mbio kuelekea karakana, kuuliza kipi kinangojwa kwanza.