Miaka Arobaini ya Dada Rysty Kituoni Tuyekum

Tarehe 31 Agosti 2010, treni ya asubuhi ikishapita, Dada Rysty Zhakypova atakunja bendera yake baada ya miaka arobaini na miezi miwili ya utumishi katika kituo chetu kidogo cha Tuyekum. Ofisi imeniomba mimi, Myrzakhan, niliyepokezana naye zamu kwa miaka kumi na saba, niandike wasifu wake kwa kijitabu cha sherehe. Wamesisitiza niwe mchangamfu. Haya, nitajitahidi.

Dada Rysty aliajiriwa Julai 1970, akiwa na miaka kumi na minane. Kazi yetu ni kupishanisha treni: ya mizigo inasubiri pembeni, ya abiria inapita. Kwa miaka yote hiyo hakuna treni iliyogusana na nyingine mikononi mwake. Mwaka 1987 theluji ilifukia reli, naye akaichota kwa koleo siku mbili, chakula chake chai na mkate mkavu. Mwaka 1996 ngamia dume alilala katikati ya reli na akakataa katakata kuondoka. Honi ililia weee, wapi! Dada Rysty akamwendea na kumfokea, "Inuka hapo, mshenzi we! Reli ya baba yako hii?" Ngamia akainuka. Dereva anasema hata yeye angeinuka.

Mara tano alipewa cheo mjini, mara tano akakataa. Sisi nyuma ya mgongo wake tulisema ana lake jambo. Kumbe lilikuwepo. Alinieleza mara moja tu, tukinywa chai, na ameniruhusu niliandike.

Alikua hapahapa Tuyekum, nyumba sita na upepo, enzi zile roketi zilipoanza kurushwa kutoka nyuma ya ule uzio tusioruhusiwa kuutaja. Madirisha yalitetemeka, kondoo wakatawanyika, na watu wazima wakajifanya hawajasikia kitu. Vipande vya chuma vilivyoanguka nyikani wazee walivigeuza hori za kunyweshea mifugo. Watoto walicheza mchezo wa yule mbwa aliyerushwa angani, na kwa kuwa Rysty ndiye mdogo kuliko wote, mbwa alikuwa yeye kila siku. Walimfungia ndani ya pipa, wakahesabu kurudi nyuma, kisha wakakimbia na kumwacha humo.

Aliyekuja kumtoa kila mara alikuwa kaka yake, Tulegen. Mwaka 1958, akiwa na miaka kumi na tisa, Tulegen alichukuliwa kwenda kumwaga zege kule nyuma ya uzio. Akiwa mlangoni pa behewa alimwambia dada yake, "Tunajenga kitu cha kumpeleka mtu juu. Ukisikia kapanda, ujue nami nimo." Barua kutoka kule zilikatazwa. Miaka mitatu, kimya.

Aprili 1961, redio ya kituoni ikatangaza kwamba mtu yuko angani. Sasa kwetu, anayetangulia na habari njema hudai suyinshi, yaani zawadi yake, na hanyimwi. Ila lazima awe wa kwanza. Rysty, miaka tisa, hakungoja kusikia jina la mtu huyo. Alitimua mbio nyumba hadi nyumba, akipiga kelele, "Suyinshi! Suyinshi! Kaka Tulegen yuko angani!" Nani asingeamini? Mwalimu alivua utepe wake wa nywele akampa. Mzee Zhusup, mfuga ngamia, alimpa mwanambuzi. Mama yake alilia, akacheka, akaagiza kondoo achinjwe.

Adhuhuri redio ikarudia habari, na jina likatajwa. Si la Tulegen. Nyama ilikuwa tayari sufuriani. Walikaa wakala.

Jioni yake mtoto alimrudisha mwanambuzi huku akilia kwa aibu. Mzee Zhusup akamfukuza: "Nenda zako na mbuzi wako! Suyinshi hairudishwi. Kwani habari ilikuwa mbaya?"

Mbaya ilikuja Mei. Karatasi moja, mhuri mmoja: Tulegen amefariki kazini. Tarehe ya kifo ilikuwa ya Januari. Yaani siku ile dada mtu anakimbia nyumba hadi nyumba, mwenzake alikwisha kufa miezi mitatu nyuma. Haikusema kwa nini, wala kazikwa wapi. Mama yake alishikilia mpaka anakufa kwamba bila kaburi, karatasi ni karatasi tu. Baada yake Rysty alibaki peke yake. Hakuolewa. Kila treni ya abiria iliposimama, alitazama milango yote.

Anajua kwamba kaka yake amekufa. Msimdhanie vibaya. Lakini magoti yamechoka, na binti ya binamu yake amemtengea chumba mjini Kyzylorda. Juzi akaniuliza, "Nikiondoka, akishuka nani atamjua?" Nikaropoka, eti ndiyo nachekesha: "Dada, ana miaka sabini na moja sasa, ngazi za behewa ataziweza?" Akanitazama. "Si utampa mkono."

Nilitamani ardhi inimeze.

Jana tulikabidhiana. Daftari la zamu lina safu ya mambo yanayosubiri, ambayo anayepokea huyasoma na kutia saini moja moja. Aliandika: taa ya njia ya pili inafifia. Mchanga umejaa karibu na swichi ya kubadilishia reli, upande wa mashariki. Chini yake, kwa mwandiko uleule wa kazi: "Akishuka mtu aitwaye Tulegen Zhakypov, aambiwe dada yake yuko Kyzylorda," na anwani mpaka namba ya mlango.

Nimetia saini zote tatu. Taa nimeshaibadilisha, mchanga tutauzoa kesho. Hilo la tatu nitamwandikia atakayenipokea, naye amwandikie wake.

Dada Rysty, wafanyakazi wenzako wote tunakushukuru. Tunakuombea chumba chenye joto, majirani wa kupiga nao soga, na usingizi usiokatizwa na honi. Nenda salama, dada yangu. Zamu nimeipokea.